Leo hana usingizi na ana mipango mia, kesho haamki kitandani: Baipola ni ugonjwa gani?

Mchukue kijana mmoja wa mwaloni. Siyo mtu halisi, ni mfano uliounganishwa kutokana na dalili za ugonjwa wenyewe. Lakini ukiwa umekulia kando ya ziwa, iwe Bukima, Mugango au upande wa Bunda, huenda ukasema huyu namjua.

Ana miaka 23, anavua dagaa. Wiki moja kachangamka ghafla. Usiku yuko ziwani, na asubuhi wenzake wakienda kulala yeye anachimba msingi wa nyumba. Mchana hajalala, jioni hajalala, na wala hachoki. Anaongea haraka mpaka maneno yanagongana. Atanunua injini tatu za boti. Atafungua kiwanda cha dagaa. Atagombea udiwani.

Wiki ya pili kachukua mikopo mitatu ya kwenye simu, kauza nyavu, kanunua pikipiki na kumpa mtu waliyefahamiana juzi tu. Mama yake akimwambia "mwanangu, hebu pumzika," anafokewa. Wiki ya tatu anasema Mungu kampa ujumbe wa kuokoa dunia, na asiyemsikiliza ni adui. Hapo ndipo wanaume wanne wanamshika na kumfunga kamba.

Miezi miwili baadaye ukienda kwao unakuta mtu mwingine kabisa. Amelala kageukia ukuta. Hali, haogi, hajibu simu. Nyavu hazipo, pikipiki haipo, deni lipo.

Mtaani kila nusu ya habari hii huwa na maelezo yake. Ile ya kwanza watu husema ni bangi, au jini, au hela zimempanda kichwani. Ya pili husema ni uvivu, au aibu ya madeni. Ni wachache wanaozishika nusu zote mbili na kuziunganisha, ilhali utambuzi wa ugonjwa huu uko hasa kwenye kule kuziunganisha.

Ugonjwa huo madaktari wanauita baipola.

Ncha mbili za ugonjwa mmoja

Jina lenyewe lina maana ya ncha mbili. Ncha ya juu inaitwa mania. Ncha ya chini ni sonona, neno ambalo Watanzania wengi wameshalizoea. Mgonjwa wa baipola hupelekwa huku na huku kati ya ncha hizo, na katikati hupata vipindi ambavyo yuko sawa kabisa: anafanya kazi, anacheka, analea watoto. Vipindi hivyo vya uzima vinaweza kuwa vya miezi au hata miaka. Ndiyo maana majirani husema "mbona alishapona?"

Mania siyo furaha tu. Kwa vigezo vya madaktari, ni hali inayodumu wiki moja au zaidi (au ifike hatua ya kulazwa kabla ya hapo), ambapo mtu anakuwa na nguvu isiyo ya kawaida, anajiona mkubwa, analala kidogo mno bila kuchoka, mawazo yanakimbizana, na anafanya mambo ya hatari ambayo akiwa mzima asingeyagusa. Kutapanya pesa. Ngono zembe. Kubeti mshahara wote kwenye mkeka mmoja. Wengine hawana furaha hata kidogo, wana hasira tu, na kitu kidogo kinawasha ugomvi. Wengi hufika mahali pa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo.

Sonona nayo siyo huzuni ya siku moja. Ni wiki mbili au zaidi za kukosa raha ya kitu chochote, uchovu, usingizi kuharibika, kujiona huna thamani, na kwa baadhi, kutaka kufa.

Kuna aina nyingine, wanayoiita aina ya pili, na hii ndiyo inayojificha zaidi. Ncha yake ya juu ni fupi na nyepesi. Mtu anachangamka siku nne, tano, anachapa kazi, anapendeza, anauza sana dukani. Nani ataenda hospitali kwa sababu amechapa kazi? Anayeenda huenda akiwa kwenye sonona, na ndivyo anavyoandikiwa: sonona. Nusu ya habari imebaki nyumbani.

Tuweke jambo moja sawa, kwa sababu mitandaoni neno hili limeanza kutumika ovyo. Mtu akicheka asubuhi na kununa jioni, hiyo siyo baipola. Mpenzi wako akibadilika baada ya kuona meseji, hiyo pia siyo baipola. Hapa tunazungumzia siku na wiki, na mabadiliko makubwa kiasi kwamba kila anayemjua mtu huyo anaona kabisa kwamba huyu siyo yeye.

Ni wengi kuliko unavyodhani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na baipola. Hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya kila 200. Kwa hesabu hiyohiyo, kata yenye watu 10,000 ingekuwa na wagonjwa kama 50. Jiulize unawajua wangapi kwa jina la ugonjwa wao, na wangapi unawajua kwa jina la "yule chizi" tu.

Mara nyingi huanza kati ya ujana wa mwisho na miaka ya ishirini na kitu. Yaani umri uleule wa kumaliza shule, kuoa, kuanza uvuvi au kufungua kibanda cha simu.

Inatoka wapi? Damu ya ukoo ina nafasi kubwa. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nayo, uwezekano wa wewe kuipata ni kama watu 5 hadi 10 kwa 100, wakati kwa watu wa kawaida ni kama mmoja kwa 100 au chini yake. Angalia hesabu hiyo kwa upande wa pili pia: wengi waliozaliwa kwenye familia yenye baipola hawaipati. Kwa hiyo ile tabia ya kuchunguza ukoo wa mchumba na kuvunja posa kwa sababu shangazi "aliwahi kurukwa na akili" haina msingi mkubwa.

Juu ya damu huja vichochezi. Msiba. Kujifungua, hasa wiki za mwanzo, kipindi ambacho mama mwenye baipola anaweza kubadilika ndani ya siku chache na anahitaji hospitali haraka. Bangi na pombe kali, ambazo haziumbi ugonjwa peke yake lakini huusukuma. Na usingizi.

Usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi

Kuhusu usingizi inabidi tukae kidogo, maana hapa ndipo maisha ya kando ya ziwa na ugonjwa huu vinapokutana.

Kwa mgonjwa wa baipola, kukosa usingizi siyo dalili tu. Ni kiberiti. Usiku mmoja au miwili bila kulala inaweza kuwasha mania kwa mtu aliyekuwa ametulia miezi sita. Mkesha wa msiba, mkesha wa maombi, safari ya basi ya usiku kucha, mtihani. Mtu mzima wa kawaida akikesha, kesho yake anasinzia. Mwenye baipola anaweza kuamka na nguvu maradufu, na hiyo ndiyo alama ya hatari.

Sasa fikiria uvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimeshika nafasi. Taa hizo huvuta dagaa vizuri pale anga linapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wake unashindana na taa, kazi inapungua, na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mwili wa mvuvi wa dagaa unaishi kwa kalenda mbili: siku nyingi mfululizo za kukesha mbele ya mwanga mkali, halafu siku za kulala usiku kama watu wengine. Ratiba hiyo kwa mtu asiye na ugonjwa ni uchovu. Kwa mwenye baipola ni sawa na kutembea na petroli karibu na moto.

Wazee wana msemo wao kwamba kichaa hupanda na mwezi. Ni rahisi kuucheka. Lakini mwaka 2018 mtafiti wa Marekani, Thomas Wehr, alichapisha kumbukumbu za wagonjwa 17 ambao baipola yao ilikuwa ikigeuka harakaharaka, na mizunguko yao ilionekana kwenda sambamba na mizunguko ya mwezi. Wagonjwa 17 ni wachache, na hakuna daktari atakayekuambia kwamba mwezi ndio unaoleta ugonjwa. Ila wazo kwamba mwanga, giza na usingizi vinaingia ndani ya ugonjwa huu siyo la kizamani hata kidogo. Huyohuyo Wehr na wenzake mwaka 1998 walieleza mgonjwa mmoja aliyekuwa akipanda na kushuka bila kukoma. Walimweka kwenye giza na mapumziko kwa saa 14 kila usiku, wakapunguza taratibu hadi 10. Akatulia.

Kwa kijana wa mwaloni hii ina maana ya jambo gumu: huenda akalazimika kubadili kazi ndani ya kazi. Akakaushe dagaa mchana, auze, atengeneze nyavu, asimamie hesabu. Siyo rahisi kumwambia mtu aache usiku wakati pesa iko usiku. Lakini familia nyingi zimeshalipa gharama kubwa kuliko hiyo bila kujua zinalipia nini.

"Amerogwa"

Maelezo ya kurogwa yana nguvu kwa sababu ugonjwa wenyewe unayapa nguvu. Mtu anapanda, anapelekwa kwa mganga au kwenye maombi, baada ya wiki kadhaa anatulia. Basi, mganga amepata. Kumbe kipindi cha mania kina mwisho wake hata kisipotibiwa, ila huchelewa, na kinarudi. Akirudi mara ya pili anaambiwa karogwa upya, na mbuzi mwingine anatoka zizini.

Hakuna anayekatazwa kusali. Wapo wagonjwa wanaopata nguvu kubwa kutoka kanisani au msikitini na wanameza dawa zao vilevile. Tatizo ni pale mtu anapoambiwa aache dawa ili kuonyesha imani, anapofungwa mnyororo chini ya mti kwa wiki nzima, au anaponyimwa chakula na kukeshwa ili pepo atoke. Hilo la mwisho ni baya mara mbili, kwa sababu kukeshwa ndicho kitu ambacho ubongo wake hauwezi kuhimili.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya ndugu. Mgonjwa aliyepanda sana akifika hospitali huchomwa sindano ya kumtuliza, na moja inayotumika sana ni haloperidoli. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, dawa hiyo hukaza misuli: shingo inapinda, ulimi unatoka nje, macho yanageukia juu. Ndugu wanaona, wanapiga kelele, "jini hilo linajitokeza!" na wanamtoa wodini kumrudisha kwa mganga. Siyo jini. Ni athari ya dawa, inajulikana, na ipo dawa nyingine ya kuiondoa haraka. Mwiteni muuguzi. Ni kosa la wahudumu pia wasipowaeleza ndugu mapema kwamba hilo linaweza kutokea.

Hospitali wanatafuta nini

Hakuna kipimo cha damu kinachosema "baipola". Damu hupimwa kwa sababu nyingine: kuondoa magonjwa yanayofanana nayo. Kanda ya Ziwa kila mtu anajua habari ya malaria kupanda kichwani, na ni kweli malaria kali inaweza kumfanya mtu aongee ovyo. Ndivyo zinavyoweza kufanya tezi ya shingo iliyozidisha kazi, maambukizi kwenye ubongo, kifafa, VVU, na hata baadhi ya dawa. Kwa hiyo mtu akibadilika kwa mara ya kwanza, kumpeleka zahanati au kituo cha afya akapimwe ni hatua sahihi hata kama familia inaamini ni mambo ya kwao.

Baada ya hapo kinachobaki ni maswali. Alianza lini? Alilala saa ngapi wiki iliyopita? Aliwahi kuwa hivi? Aliwahi kuwa kinyume cha hivi? Nani katika ukoo?

Mwenye majibu hayo mara nyingi siyo mgonjwa. Aliye kwenye mania atamwambia daktari hajawahi kujisikia vizuri kama leo, na anasema kweli. Aliye kwenye sonona hukumbuka mabaya tu. Ndugu aliyefuatana naye, dada, mke, mjomba, rafiki wa mtumbwini, ndiye mwenye ile nusu ya pili ya habari.

Na ni habari yenye uzito. Mtu wa baipola akitibiwa kama mgonjwa wa sonona pekee, akapewa dawa za kuinua hisia bila dawa ya kumshikilia, dawa hizo zinaweza kumrusha moja kwa moja kwenye mania. Familia inasema "dawa za hospitali zimemtia wazimu." Kwa namna fulani hawajakosea. Dawa ilikuwa ya nusu ya ugonjwa.

Dawa iliyoanzia kwa panya wa maabara

Dawa inayojulikana zaidi kwa baipola siyo ya kisasa. Ni chumvi ya madini ya lithiamu. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliyekuwa akifanya majaribio yake katika hospitali ndogo kwa kutumia wale panya wakubwa wa maabara wasio na mkia, alieleza jinsi lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wa mania. Zaidi ya miaka 70 baadaye bado ni kati ya dawa bora za kuzuia ugonjwa usirudi, na tafiti nyingi zimeihusisha na kupungua kwa vifo vya kujiua.

Ila lithiamu inataka adabu. Kiasi kinachotibu na kinachodhuru havijaachana sana, hivyo damu lazima ipimwe mara kwa mara. Na hapa tena mazingira yana neno. Mwili ukipoteza maji na chumvi, lithiamu hubaki nyingi kwenye damu. Kushinda juani ukigeuza dagaa kwenye kichanja bila kunywa maji, au kuharisha siku mbili, ni hatari kwa anayeitumia. Vivyo hivyo vidonge vya maumivu ambavyo watu hununua dukani bila kuuliza, kama diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na baadhi ya dawa za presha. Mikono ikitetemeka sana, akitapika, akiyumba kama mlevi, asisubiri kesho. Aende hospitali.

Mahali ambapo lithiamu au kipimo chake hakipatikani, madaktari hutumia dawa nyingine: kabamazepini, valproeti (zote mbili zinajulikana pia kwa kifafa), au dawa za kundi la haloperidoli na olanzapini. Valproeti ina onyo kubwa kwa wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamke aliyeandikiwa ana haki ya kuuliza kama kuna nyingine. Na aliyeshika mimba akiwa kwenye dawa asiache ghafla kwa hofu, akamwone daktari wiki hiyohiyo.

Kwa nini basi watu huacha dawa? Sababu ni nyingi na nyingine ni za kweli. Zinanenepesha. Zinatetemesha mikono, na mikono ndiyo kazi ya fundi nyavu. Nauli ya kwenda Musoma mjini na kurudi inakula hela ya siku nzima. Dawa zimeisha stoo. Na kuna sababu ambayo haisemwi kwa sauti: baadhi huikumbuka ile ncha ya juu kwa hamu. Ndiyo siku pekee maishani walizojiona matajiri.

Lakini sababu kubwa ni kwamba mtu amepona. Anajisikia sawa, anauliza, nameza za nini? Kuacha lithiamu kwa ghafla kunajulikana kurudisha mania, wakati mwingine kwa kasi. Anayetaka kuacha aliseme hilo kwa daktari, wapunguze pamoja, polepole.

Baada ya kelele kuisha

Mania ndiyo inayokusanya watu. Sonona inayofuata haina watazamaji, na ndiyo inayoua.

Mtu anazinduka na kukuta ameuza shamba la mihogo la familia. Ametukana wakwe. Video yake akicheza barabarani bila shati iko kwenye magrupu ya WhatsApp, na imesambazwa na watu waliokula naye. Mke karudi kwao. Watoto wanaitwa watoto wa chizi. Huo ndio mzigo anaoamka nao, katika ubongo ambao kwa wakati huo hauwezi kuona mlango wa kutokea.

Wagonjwa wa baipola hufa kwa kujiua mara nyingi zaidi kuliko watu wa kawaida. Ndugu anayeanza kugawa vitu vyake, anayeaga bila safari, au anayesema "mngekaa vizuri bila mimi," aulizwe wazi: unafikiria kujiua? Swali hilo halimpandikizii wazo. Kwa wengi ni mara ya kwanza mtu kuuliza. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, kamba, sumu za shambani na dawa nyingi ziondolewe karibu, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sheria inachangia ukimya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, jambo linalofanya familia nyingine ziogope hata kusema ukweli kwa daktari. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha aina hiyo kwenye sheria zao kinapingana na katiba.

Wapo waliochagua kusema. Sitawa Wafula wa Kenya alijitokeza hadharani kueleza maisha yake na baipola pamoja na kifafa, na akawa mmoja wa sauti zinazojulikana zaidi za afya ya akili Afrika Mashariki. Mwanamuziki Mariah Carey alisema mwaka 2018 kwamba aliambiwa ana baipola mwaka 2001 na akaificha miaka yote hiyo. Mtu mwenye pesa zote zile, madaktari wote wale, na bado aliona aibu miaka 17. Mvuvi wa Majita tumtegemee aseme kwa siku moja?

Kupanga mambo wakati ziwa limetulia

Kinachosaidia sana familia ni makubaliano yanayofanywa mgonjwa akiwa mzima, kwa ridhaa yake. Siyo kumnyang'anya mali akiwa amepanda, hapo ni vita. Wanakaa, wanasema: ukilala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, dada atashika laini ya simu yenye pesa. Nyavu, hati ya shamba na kadi ya pikipiki zitakaa kwa mjomba. Usiku wa tatu tunakwenda kliniki hata kama unasema uko sawa. Mwenyewe ataje dalili zake za mwanzo, maana kila mgonjwa ana zake: mmoja huanza kupiga simu saa nane usiku, mwingine kununua nguo, mwingine kuhubiri.

Akishapanda, kubishana naye kwamba yeye siyo nabii ni kupoteza muda. Sauti ya chini, watu wachache, chumba chenye giza na utulivu, maneno mafupi. Wengi hukubali kwenda hospitali kwa sababu ya usingizi au kichwa kuuma hata wanapokataa kwamba wanaumwa akili.

Kwa mkoa wa Mara, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako wataandika rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma, ndiyo kubwa ya umma mkoani. Juu yake iko Bugando jijini Mwanza, zaidi ya kilomita 200, na ya kitaifa ni Mirembe, Dodoma. Watu wengi hawahitaji kufika Mirembe kabisa. Asiye na uwezo wa kulipa aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali kabla ya kukata tamaa na kuondoka.

Siku ya kwenda, beba daftari lake la kliniki na pakiti za dawa zote anazotumia, hata zile za presha na za maumivu alizonunua dukani, pamoja na karatasi uliyoandika saa alizolala wiki mbili zilizopita. Na aende naye mtu aliyemwona akiwa juu na akiwa chini.